Pini Mdomoni

Mimi naongea. Sifichi. Nikishona naongea, nikipiga pasi naongea, na mteja akija kuchukua sketi yake ataondoka na sketi pamoja na ushauri, na ushauri sitozi. Kinyozi, jirani yangu wa mlango wa kushoto, nimemwambia aache sigara tangu hajaota hata mvi moja. Mwenye nyumba nimemwambia atengeneze ngazi za jengo hili kabla hazijamvunja mtu kiuno. Wapangaji wa ghorofa ya juu nimewaambia wasimwage maji dirishani, chini kuna binadamu. Wote hunijibu kwa heshima, "Sawa, Fundi, tumekusikia," kisha wanaendelea na yao kana kwamba nilikuwa natangaza hali ya hewa ya nchi nyingine.

Kwa hiyo mtu asije kuniambia habari za nguvu ya maneno. Maneno ninayo, mengine nimeweka akiba. Mtaa huu haukunisikia hata siku moja mpaka siku niliyofunga mdomo, tena sikuufunga kwa hiari yangu.

Ilikuwa hivi. Binti yangu, kifungua mimba wangu, muuguzi, alikuwa amesimama juu ya kigoda hapa dukani amevaa gauni lake la harusi, nami nimepiga magoti sakafuni nashughulika na pindo. Mafundi wengi siku hizi huvaa kimto cha pini mkononi. Mimi pia ninacho, na kwa wateja nakitumia. Lakini gauni la harusi la mwanangu wa kumzaa, hapana. Pini zote nilizibana kwa midomo, kama nilivyofundishwa. Ukizibana mdomoni unajua kila moja iko wapi, haiwezi kusahaulika ndani ya kitambaa ikaja kumchoma bibi harusi mbele za watu. Tabu yake ni kwamba huwezi kucheka, huwezi kupiga chafya, na kusema ndiyo usithubutu. Midomo unaikaza, mashavu yanaingia ndani, na miwani yangu huwa imeshateleza mpaka ncha ya pua, kwa hiyo natazama kwa juu yake huku nyusi zimepanda.

Nikainua uso kumtazama mwanangu. Papo hapo binti wa kaka yangu, tunayemwita Bando kwa sababu bando la intaneti likimwishia anaugua, akapiga picha.

Pini hazikuonekana hata moja. Pini zangu zina vichwa vidogo kama punje za chumvi, na kamera ya Bando ina ufa. Kilichoonekana ni mwanamke mtu mzima aliyekutazama, akakupima, akaona hufiki, na ana la kukwambia ila ameamua kulimeza kwa ajili ya jirani. Nikiitazama picha ile mimi mwenyewe naomba msamaha, na sijui nimekosa nini.

Bando akaituma kwenye grupu la ukoo. Chini akaandika: "Mtu akikwambia yuko njiani, nawe unasikia maji ya bafuni." Basi. Kabla sijamaliza pindo, shemeji zangu walikuwa wamecheka, majirani wameomba watumiwe, na mtu nisiyemjua, Mungu amsamehe, akakata kichwa changu akakifanya stika.

Nilikasirika. Nilimwita Bando nikamwambia maneno yangu yote ya siku hiyo na mengine ya kesho yake. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Lakini Shangazi, unatrendi."

Sikujua kutrendi ni nini mpaka alipokuja Kinyozi. Alisimama mlangoni mwangu, mikono nyuma, akasema, "Fundi, nimeacha sigara."

"Umeacha?"

"Mke wangu kila nikiwasha ananitumia ile stika yako. Nawasha, simu inalia. Nafungua, wewe hapo."

"Si nimekwambia miaka na miaka uache?"

"Ulikuwa unaniambia," akasema Kinyozi. "Sasa unanitazama."

Baada ya Kinyozi mambo yakafuatana. Wapangaji walichapisha uso wangu kwenye karatasi kubwa wakaubandika penye ngazi, chini yake wameandika, "Mwenye nyumba akisema ni wiki ijayo." Mwenye nyumba alikuja kukusanya kodi, akapanda ngazi mbili, akasimama, akarudi zake chini. Siku iliyofuata waashi walikuwa wanakoroga zege. Mwenye duka la dawa akaniweka juu ya kaunta kwa ajili ya wanaotaka dawa bila cheti. Ghorofa ya juu mtu aliubandika uso wangu kwenye kioo cha dirisha, ukitazama ndani, na tangu hapo nguo zetu zinakauka bila kumwagiwa kitu. Siku moja natembea barabarani, mwanamume mmoja aliyevaa suti alitupa ganda la ndizi, akaniona, akaliokota akalitia mfukoni mwa koti. Sikuwa nimesema lolote. Nilikuwa natafuta ufunguo kwenye pochi.

Nisiwadanganye, kichwa kilianza kuvimba. Mtu umepigia mbuzi gitaa maisha yako yote, ghafla mbuzi anacheza. Nilianza kupita njia ndefu kwenda sokoni, nikitazama kushoto na kulia, na nilipopita watu walinyoosha migongo.

Sasa tuje kwa mchumba, maana hapo ndipo nilipolipia raha yote hiyo.

Mchumba wa binti yangu ni mpima macho. Ana duka la miwani karibu na hospitali anakofanya kazi binti yangu, na ni mtu mpole, wa maneno machache, huongea kama anayeogopa kuwaamsha watu. Mwanzoni sikumwelewa. Mtu asiyeongea mimi hunitia wasiwasi. Lakini lazima ujue kwamba tangu baba yake afariki, binti yangu alikuwa hacheki. Alikuwa anatabasamu kwa adabu, kama anayepigwa picha ya kitambulisho, kisha anauliza kama nimekunywa dawa zangu za presha. Jioni moja yule kijana alikuja kula kwetu. Katikati ya chakula akamwinamia binti yangu akamwambia jambo dogo, sijui jambo gani mpaka leo, na binti yangu akacheka mpaka mchuzi ukamtokea puani. Nikainuka nikaenda jikoni, nikajifanya natafuta vijiko, nikalia ndani ya taulo la vyombo. Nikamwambia Mungu, huyu huyu, usiniletee mwingine.

Basi huyo ndiye waliyemharibia. Mtu fulani alichukua picha ya uchumba wao, kijana kapiga goti na pete mkononi, akaiweka juu. Chini yake akaweka uso wangu. Akaandika: "Mama mkwe akisikia una mipango." Watu wakacheka mpaka basi. Ilizunguka mji mzima, na mwisho ikatua kwenye simu ya mama yake kijana.

Mama yake kijana ni mwalimu mkuu mstaafu. Hata waliomzidi umri wanamwita Mwalimu. Akanipigia simu.

"Fundi," akasema, "nimeiona sura yako."

"Mwalimu, zile ni pini. Nilikuwa na pini mdomoni."

"Nimefundisha watoto tangu nikiwa msichana. Sijawahi kumkamata mtoto akakosa kuniambia kuwa ni kitu kingine."

"Lakini kweli ni kitu kingine."

"Nao walisema hivyo hivyo. Sikiliza, Fundi. Sina ugomvi na wewe. Lakini mwanangu hataingia kwenye nyumba asimotakiwa, akakae anatazamwa namna ile mpaka azeeke. Mambo ya harusi tuyasimamishe."

Simu ikakatwa kabla sijafika kwenye maana. Kijana mwenyewe akanitumia ujumbe wenye adabu tele: "Mama, kama kuna mahali nimekosea, naomba radhi." Kisha akaacha kupita dukani. Yaani mtu anashinda akiwauliza wenzake wanaona herufi gani ukutani, na yeye ameshindwa kuona pini.

Nilidhani binti yangu atawaka moto. Atawaambia, mama yangu simjui mimi? Hakuwaka. Alitundika gauni nyuma ya mlango, akalifunika na mfuko wa plastiki ili lisishike vumbi, akachukua mkoba wake wa kazini.

"Labda wana sababu, Mama," akasema.

"Sababu ya nini?"

"Nachelewa zamu." Akaenda zake. Kuanzia siku hiyo lile tabasamu la kitambulisho likarudi, na nilipoliona liko usoni mwake tena, sikuweza hata kushona mstari ulionyooka.

Nikasema silaha yangu ni mdomo, nitatumia mdomo. Nikamrekodia Mwalimu ujumbe wa sauti. Nilianza na salamu, nikaeleza aina za pini, nikaeleza tofauti ya pini za mdomoni na za kimto, nikaingia historia ya ufundi wangu na mwanamke aliyenifundisha, nikagusia presha yangu kidogo. Bando akanipokonya simu kabla sijatuma.

"Shangazi, huu ujumbe ni mrefu kuliko harusi yenyewe. Hakuna atakayeusikiliza."

"Nimesema ukweli mtupu humo."

"Ukweli mrefu," akasema Bando. "Picha haishindwi na maneno. Picha inashindwa na picha. Watu wakikuona unacheka, mambo yamekwisha."

Nikakubali, maana mfa maji haishi kutapatapa. Akanikalisha dirishani penye mwanga, akanivua miwani, akanipaka mafuta ya midomo.

"Cheka, Shangazi."

"Nacheka."

"Hapana, hapo unaonyesha meno. Cheka kwa moyo."

"Moyo wangu uko na mwanangu hospitalini. Piga hivyo hivyo."

Akapiga, akaituma na maneno "Mama mkwe ana furaha." Sitaki kuielezea sana picha ile. Itoshe kusema kwamba daktari wa meno mwenye kliniki mtaa wa pili aliichapisha akaiweka mlangoni na maandishi, "Usisubiri mpaka ufike hapa." Watu waliokimbia kung'olewa jino tangu utotoni walijaa kwenye mabenchi yake wameshika mashavu. Daktari akaniletea mswaki wa shukrani. Nilimfukuza, lakini mswaki nilibaki nao.

Bando akasema basi tuwaonyeshe pini zenyewe. Ushahidi. Nikazijaza mdomoni nikaachama ili zionekane. Hii nayo akina mama waliipokea kwa mikono miwili, wakaitumia kuwatisha watoto wanaotia shanga na vifungo mdomoni. Watoto wakaacha. Mwalimu yeye akanitumia ujumbe mmoja tu: "Sasa umeanza kututishia kwa vitu vyenye ncha."

Nikaona maji yamenifika shingoni. Nikapiga moyo konde, nikavaa gauni langu la heshima, nikanunua keki, nikaenda kwa Mwalimu uso kwa uso. Bando alikuja kunibebea keki. Nilimwambia simu aiache nyumbani. Alisema sawa.

Sebule ya Mwalimu ilikuwa safi mpaka unaona haya kuvua viatu. Ukutani vyeti, mezani vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, na saa kubwa inayogonga kila mara kama inakukumbusha umechelewa. Viti viwili vya pembeni vilikuwa na nguo zinazosubiri pasi, kwa hiyo mimi na yeye tukakaa bega kwa bega kwenye kochi refu. Kijana alikaa karibu na mlango, magoti pamoja, kama aliyeitwa ofisini.

Nikafungua mdomo. Mwalimu akainua kiganja.

"Kwanza chai," akasema.

Birika lilikuwa jikoni linachelewa kuchemka. Tukakaa. Mwalimu aliangalia mbele, kidevu juu, midomo kaikaza, ndita kazikunja. Nami nikaangalia mbele, maana maneno yangu yalikuwa yamekwama kooni na nilikuwa nayabana yasitoke kabla ya chai. Hakuna aliyemtazama Bando.

Chai ilipokuja nilieleza. Nilieleza vizuri, tena kwa ufupi, wa kwangu. Mwalimu alikunywa akaweka kikombe.

"Fundi, wewe ni mtu wa maneno mazuri. Lakini mimi naamini macho yangu."

"Basi mwanao ayapime," nikasema.

Lilinitoka. Sijui lilitoka wapi, nilikuwa nimelala nalo labda. Kijana akafumba macho. Mwalimu akainuka akafungua mlango akaushika, na mimi na Bando tukatoka. Keki tuliiacha, ilikuwa nzuri mno kuirudisha na aibu juu yake. Njiani nililia waziwazi, sikujali nani ananiona. Nilikuwa nimekwenda kuunganisha, nikamalizia kuchana. Mwanangu alikuwa anampoteza mtu aliyemrudishia kicheko, na aliyekuwa anamwondoa ni mimi, kwa sura yangu kwanza na kwa mdomo wangu baadaye.

Asubuhi yake nikaamka nikakuta simu yangu inatetemeka mezani. Bando hakuwa ameacha simu nyumbani. Alikuwa ametupiga picha, mimi na Mwalimu bega kwa bega kwenye kochi, nyuso mbili zimenuna sawasawa. Maandishi: "Umerudi nyumbani, na ulichotumwa dukani umekisahau."

Nilitaka kumnyonga. Lakini picha ilikuwa imeshakwenda, na hii ilikimbia kuliko ile ya kwanza, kwa sababu Mwalimu amefundisha nusu ya mji. Wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye vitambi na vyeo, walisema waliifungua simu wakajikuta wamesimama wima. Meneja mmoja alifika mlangoni kwake na dereva, akamrudishia kitabu cha maktaba alichokaa nacho tangu darasa la tano. Mwanamke mwingine akampigia simu kukiri kwamba aliyevunja kioo cha ofisi mwaka ule ni yeye, si yule aliyechapwa.

Haikufika mchana Mwalimu akaingia dukani kwangu. Mwanawe nyuma yake. Akaiweka simu juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, katikati ya chaki na mkasi.

"Nani amefanya hivi?"

Bando alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo. Miguu yake ilionekana.

"Mwalimu," nikasema, "hiyo ni sura yako tu."

"Si sura yangu. Mimi sikuwa nimekasirika hata kidogo, na mji mzima unasema nimekasirika. Watu wananipigia kuomba radhi kwa mambo ambayo sikuyajua."

"Kama hukukasirika, ulikuwa unafanya nini?"

Mwalimu akatazama mlangoni, akatazama pazia, akashusha sauti.

"Nilikuwa nabana kwikwi."

Sikusema kitu. Mimi. Nilinyamaza, na wala sikuwa na pini.

"Ilinishika ulipogonga mlango," akaendelea. "Nikajua nikifungua mdomo nitaaibika mbele ya mgeni. Ndiyo maana nikakwambia kwanza chai. Nilibana pumzi mpaka masikio yakaziba. Nikakaa hivyo kama..."

Hakumaliza. Alikuwa ameiinamia simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akautazama uso wake, akausogeza, akautazama wangu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sikulisema, lakini nililifikiria kwa sauti kubwa sana.

"Fundi," akasema.

"Naam, Mwalimu."

"Zile zilikuwa pini."

"Zilikuwa pini."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe? Wewe ulipoiona hii picha ulidhani nimekasirika?"

Mpima macho akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, ingawa ilikuwa safi. "Mama, hiyo sura nimekaa nayo tangu nizaliwe. Ukiiweka, mimi hungoja niambiwe kosa."

"Miaka yote hiyo hukuwahi kuniuliza?"

"Nikuulize? Na sura hiyo?"

Mwalimu akafungua mkoba akatoa leso, akaishika tu. Baadaye akasema, kwa ile sauti ya kutangaza ratiba, kwamba harusi iko palepale, na kwamba mwanawe aniombe msamaha kwa kuamini picha kuliko mtu. Kijana akaniomba. Nikamwambia hana kosa, hata mimi picha ile naiogopa. Bando akachungulia kwenye pazia kuona kama hali ya hewa imetulia. Nikaona yamekwisha, nikaanza kutafuta vikombe nichemshe chai.

Nilipogeuka nikamwona binti yangu mlangoni. Alikuwa ametoka zamu, bado na viatu vyeupe vya kazi, na sikujua amesimama pale tangu lini. Nikamwambia, "Mwanangu, umesikia? Mwalimu amekubali."

"Nimesikia," akasema. "Mama yake amekubali. Mama yangu bado."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakuwa anatania.

"Mimi bado vipi? Si nimezunguka mji mzima nikieleza habari za pini? Kwani wewe hukuziona? Ulikuwa juu ya kigoda, mimi niko miguuni pako."

"Niliziona pini, Mama. Siku ile nilikuuliza swali."

"Swali gani?"

"Nilikuuliza, Mama, nimechagua vizuri? Ukainua uso ukanitazama vile. Nikangoja. Akaingia mteja, yule mama wa zipu, ukatema pini, ukaanza kumshughulikia na kumweleza habari za zipu mbovu. Nikavua gauni. Nikasema labda atanijibu jioni." Alikuwa anaongea polepole, anatazama viatu vyake. "Umewaeleza watu wote pini zilikuwa ngapi na za aina gani. Hakuna siku umesema unamtaka."

Nikataka kubisha, na kubisha ni kazi yangu ya pili. Nikatafuta siku moja niliyomwambia, nikakosa. Swali nililisikia. Sasa nililikumbuka vizuri, na nilikumbuka nilivyolijibu: ndani ya kichwa changu, kwa hotuba nzima, yenye furaha, mpaka macho yakanilowa. Halafu zipu ikaja, na mimi nikajihesabu nimeshajibu. Kumbe mwanangu alikuwa mtu wa kwanza kuiamini ile picha, kabla hata haijapigwa.

Nikaviacha vikombe. Mwalimu aliinamisha kichwa, akajifanya anasoma lebo ya uzi. Nikamsogelea binti yangu, na nikaona anavyoniangalia: anausoma uso wangu, anatafuta jibu humo, kama alivyofanya juu ya kigoda, na labda kama alivyofanya tangu yuko mdogo. Na uso wangu naujua sasa. Hauaminiki.

"Umechagua vizuri," nikamwambia. "Namtaka huyu kijana. Namtaka kwa moyo wangu wote."

Maneno yalikuwa hayo tu. Nilitafuta mengine ya kuongezea, sikupata.

"Sema tena," akasema.

Nikamvuta begani kwangu, nikamshika kichwa asiuone uso wangu, nikamwambia tena.